Nilivyopima diodi ukweni Handeni huku mama mkwe ameatamia mayai

Wakuu, heshima kwenu. Mafundi wa humu, na hata mliopotea njia mkaangukia kwenye uzi huu, karibuni.

Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe na mke wangu ni shahidi. Anayedhani ni chai aje na kitafunwa chake tunywe wote.

Mimi ni fundi redio na TV, naishi Masuguru, Korogwe. Mke wangu, Mwanaidi, ni Mzigua wa Handeni. Ugonjwa wa kideri ulipita kijijini kwao ukafagia kuku wa mama yake, wakabaki jogoo mmoja na mitetea wachache tu. Mama aliumia sana. Kuku kwake ndiyo mboga ya mgeni na ndiyo daftari za wajukuu.

Nikamtengenezea mashine ya kutotolesha vifaranga. Boksi la plywood, balbu za joto, na kifaa kidogo cha kuziwasha na kuzizima. Mayai ya wale mitetea akayakusanya yote akayaweka humo.

Kabla sijaendelea, mjue kitu kimoja. Mama mkwe wangu ni mtu wa mila. Tangu nioe hajawahi kuongea na mimi ana kwa ana. Shikamoo natoa nimeinama, marahaba inatokea ndani ya nyumba, mengine yote yanapitia kwa Mwanaidi. Siyo chuki, kwake hiyo ndiyo heshima.

Basi tukaenda kuwasalimia, mayai yakiwa yamekaribia kabisa kutotolewa. Asubuhi umeme ukakatika. Uliporudi ukaja kwa fujo, boksi likatoa harufu ya kuungua, balbu kimya.

Mama akapiga yowe. Kisha akatandika mkeka juani, akakaa, akajaza mayai mapajani na kifuani, akajifunika khanga. Mwanaidi naye akapewa fungu lake. Jirani yao Saitoti, mfugaji wa Kimaasai, alikuja zake kuchaji simu, naye akajikuta amepakatishwa mayai ndani ya shuka lake.

"Yaani nimeacha ng'ombe nije kuwa kuku?" akalalamika.

"Kaa. Na usicheke, utayavunja," mama akamwambia.

Nikafungua boksi. Wakuu, safarini naweza kusahau nguo lakini mita yangu ya kupimia umeme siachi. Kwenye mfuko wake kulikuwa na fyuzi na diodi moja ya akiba. Moja tu.

Fyuzi ilikuwa imekatika. Nikachomoa waya ukutani, nikatoa chaji kwenye kapasita, nikaweka mita kwenye alama ya diodi, ile ya mshale uliogota kwenye kistari.

Kwa wasiojua: diodi inapitisha umeme upande mmoja tu. Waya mwekundu wa mita unakaa upande usio na mstari, mweusi kwenye mstari, mita isome sifuri nukta tano au sita na kitu. Ukigeuza waya iandike OL, yaani hakipiti kitu. Ikilia piii pande zote mbili, hiyo ni ya kuzika.

Kwenye bodi ya kile kifaa diodi zilikuwa nne. Mbili zikaniimbia piii mbele na nyuma.

Zimekufa mbili, ninayo moja, duka la vipuri liko Korogwe. Mpaka niende nirudi, hao wa kwenye khanga watakuwa wamepoa.

"Mwambie mumeo," nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, "humu ndani wanagonga. Wako hai."

Mwanaidi akanigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia." Nilikuwa karibu kulia, sifichi.

Ndipo nikashtuka. Nilikuwa nazipima zikiwa bado zimelehemiwa kwenye bodi! Pale transfoma inaziunganisha, kwa hiyo moja ikifa na mwenzake analia piii hali ni mzima. Na kuna watu Masuguru wananiita injinia.

Cha kulehemia sikuwa nacho. Nikatia bisibisi kwenye mkaa wa jiko la chai mpaka ikawa nyekundu, nikanyanyua mguu mmoja wa kila diodi niliyoitilia shaka. Nikapima tena.

Ya kwanza, piii na piii. Marehemu.

Ya pili, sifuri nukta tano. Nikageuza. OL!

"Nzimaaa!" nikapiga kelele. Saitoti nusura aruke na mayai, akakemewa kwa Kizigua ambacho sikukielewa chote.

Nikaweka ile ya akiba, nikabadili fyuzi, nikachomeka. Balbu zikawaka. Nimewasha TV nyingi maishani mwangu, furaha ile sijawahi kuipata.

Tukaanza kurudisha mayai. Saitoti akagoma kusogea.

"Kuna mtu anatoka huku," akasema taratibu, macho yamemtoka.

Tukafunua shuka. Ganda limepasuka, kifaranga kimelowa, kinapiga kelele kuliko mita yangu.

Mama akakichukua, akakitazama. Halafu akampita Mwanaidi, akaja mpaka niliposimama na bisibisi yangu, akakiweka kwenye kiganja changu.

"Shika, mwanangu," akasema, ananiangalia usoni. "Huyu wa kwanza ni wako."

Funzo kwa mafundi: usiizike diodi kabla hujainyanyua mguu. Wengine, semeni mlivyowahi kuokoa jahazi ukweni, au mlivyolizamisha.

Picha ya kifaranga hiyo hapo chini. Imetikisika, mnisamehe. Aliyepiga ni Mwanaidi, na alikuwa analia.