Majina Matano kwa Jiwe Jeusi

Mpaka leo nikimsikia mtu ameshika kipaza sauti anasema itifaki imezingatiwa, natamani nimrushie kiatu. Sifanyi mzaha. Nasomesha fizikia katika skuli moja ya sekondari upande wa Mkoani, na hasira hii najua ilikotoka. Ilitoka kwenye fomu ya ukurasa mmoja, tena niliijaza mwenyewe.

Skuli yetu iliingia katika mradi wa wanafunzi wa kutafuta asteroidi. Darubini kubwa iko huko nchi za watu, inapiga picha za anga, na picha zinatumwa kwa mtandao kwenye skuli za kila pembe ili watoto wazitazame. Zinakuja nne nne, zote za sehemu moja ya anga, zimepishana dakika chache tu. Nyota zinabaki pale pale. Kidoa kikihama kidogo kutoka picha ya kwanza mpaka ya nne, huenda kikawa asteroidi, yaani jiwe moja katika yale mengi yanayolizunguka jua katikati ya Mirihi na Mshtarii. Watu hudhani kazi hii ni ya usiku. Sisi tulikuwa tukiifanya saa saba mchana, baada ya vipindi, dirisha tumeliziba kwa kanga ili kioo cha kompyuta kionekane, na jasho linatutiririka mgongoni.

Nilianza na wasichana wanne. Wiki ya tatu watatu walikuwa wameshachoka, na siwalaumu, maana kutazama vidoa saa nzima si mchezo. Aliyebaki ni mmoja, anatokea kisiwani Makoongwe, anavuka maji kila asubuhi viatu kavishika mkononi. Mama yake analima mwani. Ulikuwa msimu wa karafuu, na kila mwaka msimu ukifika mtoto huyu alikuwa akipelekwa kwa shangazi yake kuchambua karafuu, lakini safari hii mama alikataa. Alimwambia shangazi mtu ana kazi ya skuli, aachwe. Kwa mama asiyejua hata hiyo kazi ni ya nini, lile lilikuwa jambo kubwa, na nililijua kuwa ni kubwa.

Siku moja aliniita nikiwa nasahihisha madaftari.

"Mwalimu, hebu njoo utizame. Kidude hichi kinakwenda."

Nikatazama. Sikuona kitu.

"Hapa, mwalimu. Mie nshakitizama mara kumi. Kinakwenda pole pole, lakini kinakwenda."

Ilibidi nikae kwenye kiti chake, nisogeze uso karibu na kioo, ndipo nikakiona. Kilikuwa hafifu kiasi kwamba ningekipita mara mia. Nikamuuliza amekionaje. Akanijibu kwamba kwao yeye ndiye mchaguaji wa mchele, na hakuna kijiwe kinachompita. Akacheka, na mimi nikacheka, kisha tukapima na kutuma vipimo kabla umeme haujakatika.

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja. Kile kidoa hakikuwa kimeripotiwa na mtu mwengine yeyote. Kwa njia yake, walivyoweza kuikisia kwa wakati ule, kiko sehemu ya nje ya ukanda wa asteroidi, mbali kabisa, na kwa huko kilipo yaelekea ni jiwe jeusi, la aina inayomeza mwanga wa jua na kurudisha kidogo sana. Mengi ya huko, walisema, ni meusi kuliko makaa. Wamelipatia namba ya muda. Likija kuthibitishwa, pengine baada ya miaka mingi, walioliona watakuwa na haki ya kupendekeza jina lake. Kwa hivyo wakaniletea fomu yenye mistari mitano ya majina ya walioliona.

Ikija orodha ya majina kwetu, aliyefanya kazi si wa kwanza. Nendeni mkasome jiwe la msingi la jengo lolote. Choo cha skuli yetu kina jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe, wakati fundi aliyekijenga anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo na hakuandikwa popote. Kadi za harusi, matangazo ya misiba, barua za kuomba mchango wa madrasa, zote tunazianza na wakubwa. Ndivyo nilivyolelewa, na mkono umeshazoea. Nikakaa na ile fomu. Mstari wa kwanza nikamwandika mwalimu mkuu. Wa pili, ofisa wa elimu. Wa tatu, mwenyekiti wa kamati ya skuli. Wa nne, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Mstari wa tano nikaandika jina langu. Majina ya wanafunzi nikayatia kwenye barua ya kuambatanisha, kwa heshima zote, nikiamini kwamba kila mtu duniani anajua wakubwa huandikwa juu kwa adabu tu na habari yenyewe imo chini.

Wenzetu wa huko hawakujali barua. Walichukua mistari mitano kama ilivyo wakaiingiza kwenye kumbukumbu zao.

Cheti kilisomwa siku ya mkutano wa wazazi. Mama wa yule msichana alikuwa ameshawatangazia Makoongwe nzima kwamba mwanawe kaona jiwe mbinguni ambalo hapana mtu aliyewahi kuliona. Alikuja na majirani zake watatu, buibui limepigwa pasi, akakaa safu ya mbele. Mwalimu mkuu akasema itifaki imezingatiwa, akasoma majina matano, la kwanza lake mwenyewe, tena akalisoma kwa sauti nzito kuliko mengine. Watu wakapiga makofi. Nilimwona yule mama anageuza shingo kutafuta mwanawe alipo. Jirani yake mmoja akamwambia, wala hakupunguza sauti, "Bi mkubwa, si ulitwambia aliyeliona ni mwanao?"

Kufika magharibi walikuwa wameshampa jina la utani, Mama Nyota. Akenda kisimani wanamwita hivyo, akenda kwenye mwani wanamwita hivyo. Kwetu mtu akidai kaona kitu mbinguni huulizwa ushahidi, kama anavyoulizwa anayesema kauona mwezi umeandama, na yule mama ushahidi wake ulikuwa umesomwa hadharani bila ya jina la mwanawe. Kwa hiyo akawa mwongo. Mwanamke aliyejinyima mikono ya mwanawe msimu mzima wa karafuu, leo ni mwongo, na sheha ambaye hajui kuwasha kompyuta ni mgunduzi.

Niliandika kwa watu wa mradi siku ile ile. Wakajibu vizuri tu. Orodha itafungwa mwisho wa mwezi. Kabla ya hapo, yeyote aliyemo akiandika kwamba anaacha mstari wake, jina jengine litaingizwa mahali pake.

Nikaanza na mwalimu mkuu. Akaniagizia maji, akaniuliza hali ya mama yangu, akaniuliza tena. Kisha akasema jina lake ni jina la skuli na watoto wote wamo ndani yake.

"Mwalimu mkuu, wewe chumba kile hukuingia hata siku moja."

"Na weye wataka nijitoe mbele za watu? Watu watasema nini, kwamba nliiba?"

Nikamwambia ndiyo, watasema hivyo. Akanyanyuka kufunga mlango.

Kwa ofisa wa elimu nilikwenda mara tatu mpaka mjini Chake, na mara zote tatu nikaambiwa yumo kikaoni; ya mwisho karani wake akaniletea jibu kwamba jina halitoki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameshakitundika cheti barazani, watu wanaotoka msikitini wanapita kukitazama. Akanisihi nisimvunjie heshima uzeeni. Sheha angalau alikuwa mkweli. "Mie, mwanangu, hicho kitu sikijui nini. Lakini watu nshawambia, sasa ntawambiaje tena?" Nilitoka kwake nikapiga teke ndoo ya watu njiani. Sikuwahi kufanya hivyo maishani mwangu. Nilikuwa nikilala na hasira, naamka nayo, naingia nayo darasani, nawafokea watoto wasio na kosa kwa sababu ya watu wazima wanne waliokataa kuachia kitu wasichokijua hata kilipo.

Mwezi ukaisha.

Siku ya nne baada ya kufungwa orodha, nilimwita yule msichana chumba cha kompyuta nimweleze. Alikuwa bado anakuja skuli, lakini kazi ya picha alikuwa ameiacha, na kanga ya dirishani ilikuwa imeshaondolewa. Nikamwambia yote. Nikamtajia mmoja mmoja nilivyomwendea na alivyonijibu.

"Wanne wote wamekataa. Hapana hata mmoja mwenye haya. Na nilikuwa nataka mstari mmoja tu! Mmoja!"

Alikuwa akitazama chini, anasugua ukingo wa meza kwa kidole.

"Usijiumize, mwalimu."

"Nisijiumize vipi? Mama yako anatukanwa."

Akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mstari si ulikuwepo, mwalimu."

"Upi?"

Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa, na hapo ndipo nilipokiona kilichokuwa mbele yangu mwezi mzima.

"Mama alinambia nije nikwambie mapema," akasema. "Mie nkamwambia, mwalimu anajua. Anawaanza wakubwa kwanza, wakikataa atatoa lake. Kila siku nkawa nangoja. Nkaona haya kukukumbusha."

Niliandika kwa watu wa mradi mchana ule ule, yeye amesimama mlangoni na begi lake. Wakajibu kesho yake kwamba wamesikitika, orodha imeshafungwa. Wale wanne nilikuwa nimewaita wezi kwa kila aina ya maneno, na kila mmoja wao nilimwomba atoe jina lake kwa karatasi. Jina pekee katika yale matano ambalo sikuhitaji kumwomba mtu, nilikuwa nalo mimi.