Kumpigia Kelele Baba Aliye Chini ya Gari

Mwanangu, bado hujazaliwa wala hujatungwa, na baba yako bado simjui hata kwa jina. Niko kidato cha tatu. Lakini nimeona wazee wetu wakitaka kumfunza mtoto huanza na mambo ya ujana wao, na mimi nina siku moja ambayo naikumbuka yote, pamoja na asubuhi iliyofuata. Naogopa nikisubiri mpaka niwe bibi nitaisimulia vibaya. Kwa hiyo nakuandikia sasa hivi, mguu wangu ukiwa bado unaikumbuka pedali ya breki.

Baba ana kenta, lori dogo la mizigo. Kila siku, ukitoa Jumapili, anapakia saruji, chumvi na sabuni Tunduma mjini, anapeleka Itumba, anarudi na ndizi na maharage. Sisi tunakaa Mpemba, barabarani kabisa, kwa hiyo kenta ikitoka tunaisikia na ikirudi tunaisikia. Barabara ya Itumba ina milima, na kwenye milima kupanda si shida sana. Shida ni kushuka.

Kenta yetu ni ya zamani. Mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta ya breki mpaka kwenye magurudumu, ilikuwa imechoka. Baba alinieleza hivi: ukikanyaga pedali, nguvu yako inatakiwa iende yote kwenye gurudumu. Mpira ukichoka, nguvu nyingine inaishia kuutanua mpira wenyewe, kama unavyopuliza puto. Pedali inazama tu, kama umekanyaga uji. Kwa hiyo Baba alikuwa anapampu. Anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, mpaka gari likubali. Madereva wengi wa huku wanapampu na wanajivunia. Ukikaa nao wanapokunywa chai utasikia kila mmoja anataja gari lake linataka pampu ngapi, kwa upendo kabisa, kama anataja umri wa mtoto wake.

Mama hakuwa na upendo huo. Mama anauza vitenge sokoni Itumba, na zamani alikuwa anapanda kenta na Baba. Siku moja mteremkoni pedali ikaenda mpaka chini. Baba akapampu, akapampu, na gari likaja kusimama baada ya kuegemea ukingo wa mlima. Hakuna aliyeumia. Mama akafungua mlango, akashusha kapu lake, akasema, "Mimi na gari hili tumeachana. Wewe na mimi bado."

Tangu hapo akawa anapanda basi dogo la abiria. Wanatoka nyumba moja, wanaenda soko moja, mmoja anapita mbele na mwingine nyuma. Watu wa Itumba wakaanza kuuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Baba aliumia, mwanangu. Hakusema, lakini alikuwa akila haraka na kuondoka mezani.

Mwisho akaamua. Angeweza kununua mipira mipya ya kawaida, na ingefaa. Lakini alikuwa amesikia kwa madereva wa malori makubwa, wale wanaopanga foleni mpakani kuingia Zambia, habari za mipira iliyosukwa kwa nyaya za chuma kisichoshika kutu. Ndani kuna mpira mwembamba, nje nyaya zimesukwa zimebanana kama mkeka. Hata ukanyage vipi, haitanuki. Akasema gari linalobeba mzigo kila siku linastahili hiyo. Ilipofika aliiweka mezani tukaishika mmoja mmoja. Ilikuwa inang'aa. Mama aliishika, akairudisha, akaendelea kukunja vitenge vyake.

Siku ya kuifunga ilikuwa Ijumaa ya likizo. Utingo wa Baba, msaidizi wake wa safari, alikuwa ameenda msibani Ndalambo. Aliyekuja ni Baba Furaha, dereva mwenzake, ila goti lake lilikuwa na bandeji, hawezi kukanyaga kitu. Kilichokuwa kizima ni mdomo tu. Akakaa juu ya ndoo karibu na gurudumu la nyuma.

"Jirani," akamwambia Baba, "umemvisha punda hereni."

"Subiri umwone akitembea," Baba akajibu kutoka chini ya gari.

Mipira yenyewe aliifunga vizuri. Akanituma nizungushe usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho, akaangalia kama kuna mahali mipira inavutwa au kusuguana. Hakuna. Ikabaki kutoa upepo.

Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penyewe. Ukifungua mipira ya breki, upepo unaingia ndani, na upepo ukibaki, pedali inazama hata kama umefunga dhahabu. Kuutoa kunataka watu wawili. Mmoja yuko juu, kwenye pedali. Mwingine yuko chini, kwenye skrubu ya kutolea upepo. Wa juu anakanyaga na kushikilia, anasema, "Nimeshika." Wa chini anafungua skrubu, mafuta yanatoka na mapovu yake na kuingia kwenye chupa, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Akiachia kabla skrubu haijafungwa, gari linavuta upepo upya na kazi yote inarudi mwanzo.

Wa juu nilikuwa mimi.

Nami, mwanangu, nilikuwa mtu wa kuitika kwa kichwa. Darasani nikiulizwa, mwalimu alikuwa anasogea mpaka kwenye dawati langu ndipo anisikie. Na nyumbani ndiyo kabisa, maana kwetu binti anamjibu baba yake macho yakiwa chini na sauti ikiwa chini. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyenifundisha. Kumpazia baba sauti ni utovu wa adabu. Kumuuliza baba kama amemaliza kazi aliyosema anaifanya, hapo ni kama unamkagua.

"Kanyaga!" Baba akasema.

Nikakanyaga. "Nimeshika," nikasema, kwa sauti ile ya kumpelekea mgeni maji ya kunawa.

"Umeshika?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, nilitikisa kichwa, ndani ya gari, mtu yuko chini ya gari.

"Umeshika au hujashika?"

"Ndiyo, Baba."

"Anasemaje?" Baba akamuuliza Baba Furaha.

"Mimi nasikia kuku tu," Baba Furaha akasema, akaendelea na hadithi yake ya lori lililokwama Zambia.

Baba akakisia kwamba nimeshika, akafungua. Pedali ikazama chini ya mguu wangu. Sasa amefunga au hajafunga? Sikujua. Midomo ikafunguka kuuliza, aibu ikaifunga. Nikahesabu moyoni, nikaachia. Tukafanya hivyo gurudumu hadi gurudumu, tukazunguka, tukarudia. Baba akatoka, akapanda, akakanyaga mwenyewe. Uji. Tena uji mwepesi kuliko ule wa zamani.

Akabaki ameshika usukani. Jua lilikuwa linashuka. Saruji ya watu ilikuwa imeshapakiwa tangu asubuhi kabla ya kazi, ya kufika Itumba kesho yake.

"Nilikwambia," Baba Furaha akasema, safari hii bila utani. "Hizi nyaya ni urembo. Rudisha mipira yako ya zamani kabla giza halijaingia. Unaijua, inakujua."

Baba akaangalia mipira ya zamani pale chini kwenye vumbi, akaokota spana. Na mimi nilijua. Nilijua kabisa kwamba nyaya hazina kosa, kwamba upepo nauingiza mimi mwenyewe kwa kuachia bila kujua. Nilijua pia kwamba akirudisha ile ya zamani, kesho atashuka ule mlima na saruji mgongoni, anapampu, peke yake. Machozi yakanijia, sauti haikuja.

Bibi alikuwa kibarazani anapukuchua maharage. Hajui gari, hata mlango wa kenta hufunguliwa na mtu mwingine. Lakini alikuwa ametuangalia muda wote. Akaniita, "Mke mwenzangu, njoo hapa." Ndivyo anavyonitania.

Nikaenda, nikapiga magoti.

"Yule mwanangu alikuwa anakuuliza nini kule chini?"

"Kama nimeshika, Bibi."

"Ulikuwa umeshika?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia nani?"

Akaweka ungo chini.

"Mimi nilikufundisha kusema taratibu mtu akiwa mbele yako anakuona uso. Nilikufundisha lini kunyamaza mtu akiwa chini ya gari? Hiyo adabu ni ya nani? Simama. Niite."

"Bibi."

"Niko Malawi."

"Bibi!"

"Malawi ni ng'ambo ya mto, mtoto, na mimi nimezeeka masikio."

"BIBIII!"

Kuku wakaruka kutoka kwenye maharage. Bibi akatikisa kichwa ameridhika. "Sasa kampelekee baba yako sauti hiyo. Akikasirika, mwambie imetoka kwangu."

Nikarudi. Nikasema nikiwa nimesimama mbele ya Baba, na sijui nilipata wapi nguvu: "Baba, tujaribu tena. Nilikuwa naachia kabla hujafunga. Nilikuwa sikuulizi."

Akaniangalia. Akamwangalia mama yake kibarazani. Akaweka spana ya kufungulia mipira, akachukua ile ndogo ya skrubu, akaingia chini.

"Kanyaga!"

"NIMESHIKA!"

Baba Furaha alishtuka nusura aanguke kwenye ndoo. Pedali ikazama. Nikavuta pumzi.

"UMEFUNGA?"

Kimya. Mwanangu, kimya kile kilikuwa kirefu. Nikajua nimevuka mpaka, natoka humu nachapwa. Halafu ikatoka sauti ya Baba kule chini, na ilikuwa inacheka.

"Nimefunga, mama! Achia!"

Aliniita mama.

Basi tukaenda. Nimeshika! Umefunga? Nimefunga, achia! Gurudumu la mbali kwanza, kisha linalofuata. Watoto wa jirani wakaja ukutani wakawa wanaitikia na mimi, nimeshika, nimeshika, bila kujua wameshika nini. Hata Baba Furaha akaacha hadithi ya Zambia, akawa anaangalia chupa na kutangaza kama mtangazaji wa mpira: "Mapovu bado! Mapovu yanapungua! Hee, yanatoka mafuta matupu!" Na mimi nilikuwa naisikia pedali inabadilika chini ya soli yangu. Ikawa inazama nusu. Ikawa inazama kidogo. Gurudumu la mwisho lilipofungwa nikakanyaga, ikagoma. Ngumu, kama ngazi ya kanisa.

Baba akapanda, akakanyaga. Hakuamini, akakanyaga tena. Baba Furaha akaomba asaidiwe kupanda na goti lake, akakanyaga kwa mguu mzima.

"Hii pedali imekula nini?" akasema.

"Imekula hereni," Baba akamjibu.

Asubuhi Baba akasema nipande na mimi. Alijaribu kwanza mahali tambarare, mwendo mdogo, akaridhika. Mama alikuwa ameshatangulia kituoni na kapu lake. Baba akasogeza kenta na saruji yake yote, akakanyaga mara moja, gari likasimama mlango ukiwa sawasawa na uso wa Mama.

Mama akamwangalia. "Umekanyaga mara ngapi?"

"Moja."

Akaniangalia mimi. Nikamwambia kwa sauti ya kawaida, ila ya kusikika, "Moja, Mama. Nimeona mguu."

"Nitakaa mlangoni," akasema, akapanda. Akashika kitasa.

Tukafika ule mteremko. Baba aliweka gia ndogo kama kawaida yake. Katikati ya kushuka, barabara ikiwa wazi mbele na nyuma, akasogea pembeni akakanyaga. Kenta ikasimama palepale. Na saruji yote, na mlima wote. Ikatulia kama imeegeshwa nyumbani. Tukasikia ndege.

Mama akaangalia chini bondeni, kisha akaangalia mguu wa Baba. Mguu ulikuwa umetulia, haukupampu. Akaachia kitasa. Akalihamisha kapu kutoka mapajani akaliweka sakafuni, kama mtu anayejua safari bado ni ndefu na amekaa vizuri.

"Twende basi, baba Tusekile," akasema, akimwita kwa jina langu. "Wateja wangu wananisubiri."

Baba aliimba mpaka Itumba. Hajui kuimba. Hatukumkataza.

Mwanangu, adabu ya kwetu ni nzuri, usiitupe. Piga magoti, pokea kwa mikono miwili, inamisha macho mbele ya wakubwa. Lakini mtu akiwa chini ya kitu kizito na anakuuliza, mjibu mpaka asikie. Usitikise kichwa mahali ambapo hakuoni. Na usipojua kama amemaliza, muulize, hata akiwa baba yako, hata akiwa mwalimu au mchungaji, maana ukikisia kwa aibu, kosa lako litaenda kushuka mlima na mtu mwingine. Ukiona mtu yuko tayari kukitupa kitu kizuri kwa sababu yako, sema ni mimi, kabla hajaokota spana. Utaogopa. Mimi niliogopa, na nilisema hivyohivyo.

Mungu akukuze salama. Akupe mguu unaoshika na kinywa kinachosema kimeshika. Akuzungushie watu wanaokujibu ukiwa chini usipoona. Na kila mteremko utakaopewa maishani, usimame pale unapotaka kusimama, kisha uendelee na safari yako kwa amani. Amina.