Mchungaji wa Basi Namba Kumi na Tatu

Roscoe Pettway si mchungaji. Nalisema mapema kwa sababu nusu ya watu wa Memphis kusini hawataki kulisikia. Ni dereva wa basi namba kumi na tatu, mwaka wa ishirini na nane huu, na kila Desemba mimi ndiye ninayemvalisha joho apande jukwaani kuhubiri maneno aliyoandikiwa. Lakini mwone dukani akitafuta vitunguu. Watu wanamshika mkono: "Mchungaji, niombee, presha imepanda tena." Zamani alicheka, kisha akawaombea palepale.

Kampuni yetu ya maigizo, ya watu weusi, hutoa michezo mitano kwa msimu. Ule wa Oktoba watu huusifu bila kuja. Wa Februari huletewa wanafunzi, wakasinzia. Huu wa Krismasi, wa nyimbo za injili, ndio unaojaza ukumbi. Makanisa huja moja kwa moja kutoka ibadani, akina mama na kofia zao pana, waliokaa nyuma wanaambulia kuona manyoya tu. Bila mchezo huo tungekuwa tumeshafunga milango.

Aprili Roscoe alimzika mkewe, Idella. Tangu hapo hakuomba tena, hata mezani. Novemba, nikimpima kiuno kilichopungua, akaniambia, "Nimechoka, Verdie. Mazoezini nikifika pale pa kuwaita wenye mizigo waje mbele, siamini ninachosema. Nawadanganya watu."

"Ni mchezo, Roscoe. Kazi yetu si ndiyo hiyo?"

"Ungekuwa mchezo wangenishika mkono dukani?"

Nikamsihi asituache. Akakubali kucheza maonyesho ya Desemba hiyo, kisha basi, hatarudi. Hakukuwa na mwingine aliyeyajua maneno yale.

Jumapili ya pili ya Desemba, mchana, nilikuwa pembeni mwa jukwaa, miguu imevimba, nataka kwenda kulala. Roscoe akainua mikono, akawaita wenye mizigo. Hapo huja waigizaji watatu. Siku hiyo akaja na wa nne: bibi mmoja kutoka kwenye viti, glavu nyeupe, fimbo mkononi, anapanda ngazi zetu mbovu taratibu. Waigizaji wakampisha. Sisi tumelelewa hivyo, ukiitwa mbele unakwenda, na aliyekuita anakupokea.

"Verdie, mtoe," msimamizi wa jukwaa akaninong'oneza. Nikamwambia amtoe mwenyewe kama kwao hawakumfunza adabu.

"Niombee mwanangu," bibi akasema, na ukumbi wote ukasikia.

Roscoe akashusha mikono. "Mama, mimi si mchungaji. Naendesha basi."

"Najua. Jumanne ulinipitisha kituo." Watu wakacheka. "Wewe umeita, mimi nimekuja. Na magoti haya."

"Sina la kusema, mama. Mke wangu alikufa Aprili. Sijaomba tangu hapo."

Kicheko kikakatika. Bibi akaegemeza fimbo kwenye mimbari, akanyoosha mkono amwekee kichwani, hakufika, akamwekea kifuani. Akamwombea yeye. Hakupaza sauti. Alimwombea apate usingizi, ale chakula kishuke, nyumba isimtishe anapofungua mlango. Ukumbi ukaitikia kila neno, na mpiga kinanda, asiyejua kukaa bure, akamfuata chinichini. Nililia, sioni haya kusema, nikafuta pua kwa joho la watu nililolishika.

Alipomaliza akachukua fimbo yake ashuke. Ya mwanawe hakuyagusa hata kidogo. Alikuwa ngazi ya pili Roscoe alipomwita.

"Mama. Mwanao anaitwa nani?"

"Lavelle."

Roscoe akapiga magoti kwenye vumbi, na suruali niliyoipiga pasi asubuhi. "Bwana," akaanza, sauti inakwaruza, "yuko huyu Lavelle." Aliomba muda mrefu, anakwama, anaanza upya. Katikati akamtaja Idella, jina ambalo tangu mazishi hakuna aliyelisikia kinywani mwake.