Kocha Osea na Wachezaji Saba wa Mkwajuni

Nitasema ukweli tangu mwanzo: siku ile nilitaka kumpiga Kocha Osea kwa mwavuli. Mimi Tusekile, mwenyekiti wa Mpakani Stars ya Tunduma, mwanamke mzima mwenye duka la mchele na wajukuu wawili, nilimkimbiza kocha wangu mwenyewe hadi nje ya geti la uwanja, nikimwita kila jina isipokuwa lake. Lakini ngoja nianze na mtu mwenyewe, maana usipomjua utadhani alikuwa amerogwa, kama nilivyodhani mimi.

Osea Silwimba ni mtoto wa kahawa. Alizaliwa Igamba, huko Mbozi, akajifunza kucheza katikati ya mistari ya mibuni kwa mpira wa makaratasi. Alipigia mguu wa kushoto tu. Wa kulia, mwenyewe anasema, ulikuwa wa kupandia baiskeli. Alipofika miaka kumi na tisa alishuka Tunduma, akavuka kwenda kukaa kwa shangazi yake Nakonde, upande wa Zambia. Kwetu hilo si jambo la ajabu, ukoo hauulizwi pasipoti. Jumamosi alichezea timu ya kule, Jumapili ya huku, beki wa kushoto pande zote mbili. Wazee wa mpira wanasema mawinga wakisikia Osea yupo, walianza kuumwa tumbo tangu asubuhi.

Basi klabu moja kubwa ya Dar es Salaam ikamtuma mtu wake Tunduma kutafuta vijana. Majaribio saa nane mchana. Sasa, wewe usiye wa huku, ujue kwamba ukivuka mpaka wetu saa inabadilika: Nakonde wako nyuma yetu kwa saa nzima. Kila mtu anajua, na Osea alijua. Lakini siku hiyo furaha ilimpanda kichwani. Alitazama saa ya ukutani ya shangazi, akala ugali wake taratibu, akapaka viatu kiwi, akavuka akipiga mluzi. Kwa hesabu yake alikuwa amewahi dakika kumi. Kwa saa ya Tunduma alikuwa amechelewa karibu saa nzima, na yule mtu wa Dar es Salaam alishachagua vijana wawili na kuwasha gari. Osea alimwomba dakika tano tu. Yule bwana alipandisha kioo.

Aliendelea kucheza, tena miaka kumi na miwili: Mbeya, Sumbawanga, ligi za chini za Zambia, kwenye viwanja ambavyo ng'ombe ndio waliofyeka nyasi. Goti likamwachisha. Akasomea ukocha, kozi baada ya kozi, akarudi kwetu na filimbi shingoni. Misimu saba amefundisha Mpakani Stars. Mara tatu tumeshika nafasi ya pili mkoa mzima wa Songwe, na wa pili haendi popote. Bingwa peke yake ndiye anayekwenda kukutana na mabingwa wa mikoa mingine.

Mke wake, Elina, alichoka. Yeye ndiye anayebaki Igamba na mibuni wakati mume yuko Tunduma akipanga koni. Mwaka huu alishuka mwenyewe hadi dukani kwangu, akamweka Osea mbele yangu, mimi niwe shahidi.

"Baba Eva, huu ndio msimu wa mwisho," alisema. "Usipochukua mkoa, unarudi kwenye kahawa, na filimbi hiyo naitupa chooni. Mama Mwenyekiti amesikia."

"Nimekubali," akasema Osea. Na ni mtu ambaye akikubali amekubali.

Mungu si Athumani, mechi ya mwisho ya msimu ikaangukia nyumbani kwetu, dhidi ya Dhahabu ya Mkwajuni, vijana wa machimboni wasiojua kuchoka. Sare tu ilitutosha. Wao walihitaji kushinda. Mechi saa kumi jioni. Watu walijaa tangu saa nane, vuvuzela, ngoma, madereva wa malori wamepanda juu ya vichwa vya malori yao kutazama bure. Elina alikuwepo, amekaa karibu nami.

Saa kumi ikafika. Sisi tupo, mwamuzi yupo, Mkwajuni hawapo. Kanuni ya ligi yetu inatoa nusu saa. Timu isipotokea, mwenyeji anapewa ushindi. Dakika tano, hakuna mtu. Nikaanza kucheka peke yangu. Ubingwa unakuja ukitembea kwa miguu yake! Nilimpigia mjukuu wangu simu achinje jogoo.

Osea akamuuliza nahodha wetu, Shadrack, "Hivi hawa wamelala wapi jana?"

"Gesti ile ya jirani na mpaka, Kocha."

Nilimwona uso ukibadilika. Gesti ile iko karibu mno na Zambia, simu zinanasa mtandao wa ng'ambo na kujirudisha nyuma saa nzima bila kumwomba mtu ruhusa. Sisi wa Tunduma tunatembea na saa za mkononi kwa sababu hiyo. Mtu wa Mkwajuni atajulia wapi?

Osea akatoka mbio, akadandia bodaboda. Ndipo nilipomkimbiza na mwavuli.

"Kocha! Unakwenda wapi? Tumebakiza dakika ishirini tuwe mabingwa!"

"Mama Mwenyekiti, watu hawajui kama wamechelewa!"

"Si wewe uliyewachelewesha! Na Elina je? Kahawa je? Mwendawazimu wewe!"

Bodaboda ikatimka. Nilibaki nimeshika hewa.

Yaliyotokea gesti nilisimuliwa baadaye na Felix, kocha wa Mkwajuni. Alikuwa amevua viatu, anakunywa chai, vijana wanamalizia wali. "Karibu chai, Kocha, bado mapema," alimwambia Osea. Osea akamwekea saa yake ya mkononi mbele ya macho. Felix anasema kikombe kilimtoka mkononi. Wakakimbilia basi lao dogo, lakini foleni ya malori ya mpakani ilikuwa imeliziba mbele na nyuma. Osea akaita bodaboda nyingine tatu, akaanza kuwapakia wachezaji mshikaki, wawili wawili nyuma ya dereva, akipiga kelele "Bwangu! Bwangu!" kama wapagazi wa Nakonde wanapoharakishana.

Walitokea uwanjani saa kumi na dakika ishirini na saba. Bodaboda nne, Osea na wachezaji saba. Saba ndiyo idadi ndogo kabisa inayoruhusiwa kuanza mpira. Aliwahesabu makusudi! Uwanja ulilipuka, sijui kwa hasira au kwa furaha, na mwamuzi akapuliza.

Tulicheza kumi na mmoja kwa saba na hatukufunga. Tuligonga mwamba. Shadrack alipaisha mpira ukaangukia kwenye lori la mbolea. Baada ya dakika kumi wenzao wakafika kwa miguu, wakipenya kati ya malori, na mambo yakawa magumu. Kipindi cha pili, dakika ya sitini, Mkwajuni wakafunga. Na aliyefunga, Bwana wee, ni yule yule aliyekuja amekumbatia kiuno cha Osea! Nilikaa chini. Elina alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

Zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, Osea akamwita Gwalugano, beki wetu wa kushoto.

"Unamwona winga wao? Ameshiba wali, kisha amekimbia kutoka gesti. Amekwisha. Panda, usirudi nyuma."

"Kocha, mimi beki."

"Hata mimi nilikuwa beki. Panda!"

Gwalugano akapanda. Mara ya kwanza, kona. Mara ya pili, nje. Dakika ya themanini na nane akampita winga aliyekuwa ameshika magoti, akainua krosi, Shadrack akaruka juu ya wote, kichwa, wavu! Moja moja! Nilimkumbatia dereva wa lori nisiyemjua, Mzambia, naye akanikumbatia. Dakika za nyongeza zilikuwa nne na sikuzitazama hata moja. Nilijifunika mwavuli mpaka niliposikia filimbi.

Mabingwa wa mkoa! Nilitaka kusema ushindi wa bure ungekuwa uleule. Ni uongo. Nimekuwa kwenye mpira miaka mingi na sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nilikuwa nimekosea tangu dakika ya tano.

Osea alikuwa amekaa kwenye nyasi, analia bila kuficha. Felix alikuja kumshika mkono, akainama mpaka chini. Kisha Elina akashuka, akapita katikati ya wachezaji wote, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Eva, ungekaa tu ukashinda, ungerudi nyumbani na mimi ningekupokea," alisema. "Lakini ningeishi na mtu wa namna gani? Nenda na vijana wako huko kwenye mikoa mingine. Kahawa nitaichuma."

Akafungua kitenge chake cha juu, akamfuta uso mbele ya uwanja mzima.