Makala Iliyokosea Kuhusu Kipsing

Mimi ni mkutubi wa shule ya upili ya wasichana hapa Isiolo. Tulipoletewa kompyuta tatu, walimu wengi walidhani kazi yangu itakuwa kuzipangusa vumbi na kufunga mlango. Kisha nikapelekwa mafunzo ya siku moja, na mkufunzi akatuonyesha hifadhidata za utafiti, yaani maghala ya mtandaoni yanayoweka makala za wataalamu. Alienda mbio sana. Nilirudi na ukurasa mmoja wa maandishi yangu mwenyewe, na nusu yake sikuweza kuisoma.

Nikajifunza kwa kukosea. Mwanzoni niliandika swali zima, kama mtu anayeongea na shangazi yake, nikaletewa makala chungu nzima kuhusu ng'ombe wa nchi nisizozijua. Polepole nikajua kuchagua maneno mawili matatu, kuyafunga kwa alama za kunukuu, na kusoma muhtasari kwanza. Makala ikikataa kufunguka, nilimwandikia mwandishi nikimwomba nakala. Baadhi yao walinitumia.

Mwaka jana msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa eneo la Kipsing, alikuwa akijiandaa kwa maonyesho ya sayansi. Alitaka kueleza jinsi watu wa kwao wanavyopata maji wakati wa kiangazi. Tulitafuta pamoja mpaka tukapata makala iliyotaja Kipsing kwa jina. Alisoma huku kidole kikifuata mistari, kisha kidole kikasimama.

"Madam, hii si ukweli."

"Ipi?"

"Wanasema wanawake hawajui mahali pa kuchimba maji. Kwetu ni akina mama ndio huchimba kwa mto mkavu. Wanaume huwauliza."

"Hebu tuone waliuliza nani."

Tukashuka hadi sehemu ya mbinu za utafiti. Walikuwa wamewahoji wazee wa kiume tu. Msichana alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Kwa hivyo naweza kuandika wamekosea?"

"Andika. Lakini uonyeshe umejuaje."

Likizo ikafika, akaenda nyumbani na daftari, akamuuliza mama yake, nyanya yake na majirani. Aliporudi tulikaa maktabani, wasichana wengine wakisoma kando yetu, tukilinganisha maneno yao na makala ile. Hapo ndipo naibu mkuu wa shule alipoingia akatusikia.

"Madam, hawa wana mtihani," alisema. "Kubishana na maprofesa kutawasaidia nini? Zima hizo mashine. Zitahamia ofisini kwangu."

"Sizimi, mwalimu."

Wasichana wote waliinua vichwa.

"Niandikie barua," nikaendelea. "Useme maktaba inapoteza kompyuta kwa sababu msichana alisoma makala mpaka mwisho. Nitaibandika mlangoni."

Aligeuka, akatoka. Barua haikuja. Kompyuta hazikuondoka.

Kwenye maonyesho, jaji mmoja alimuuliza msichana wangu, "Wewe ni nani hata umkosoe mtaalamu?"

"Mimi ni mtu wa Kipsing," akajibu. "Na nimewauliza wale ambao hawakuulizwa."

Hakuchaguliwa kuendelea hadi ngazi inayofuata. Niliumia kuliko yeye, na sioni haya kusema kwamba bado naona jaji yule alikosea. Jumatatu iliyofuata msichana alikuja maktaba, akavuta kiti, akaniambia tuwaandikie wenye makala. Tuliandika kwa adabu, bila kuomba msamaha.

Baada ya wiki kadhaa mmoja wao alijibu. Alikiri kwamba hawakuzungumza na mwanamke hata mmoja, akaomba tumtumie yale yaliyoandikwa kwenye daftari. Nilifurahi mno, nikaanza kutafuta namna ya kulipiga picha. Msichana akaweka mkono wake juu ya daftari.

"Tusimpe bado, madam," alisema. "Kwanza naandika makala yangu, iwe na jina langu."

Nikamfungulia ukurasa mtupu, nikamwachia kiti changu.