Siku Niliyokata Utepe wa Wenyewe

Kusema kweli habari hii nimeificha muda mrefu, lakini kwa vile nusu ya watu wa Manga wanaijua na mtaisikia tu sokoni ikiwa imetiwa chumvi, afadhali mnisikie mimi mwenyewe, na mkitaka kucheka, chekeni.

Mnajua mimi nauza misumari na rangi pale Nyamira, na kwamba tumbo lilipoanza kunitangulia mlangoni niliamua kukimbia kila asubuhi, mwanzo hadi kona ya kwanza tu, halafu taratibu nikawa nafika Ikonge na kurudi (kurudi kwa boda boda, lakini hilo sikumwambia mtu), na nilipojiandikisha kwa mbio za kilomita ishirini na moja za kutoka mjini hadi Manga, nilibandika ratiba ya mazoezi ukutani dukani ili wateja waione.

Sasa Jumamosi hiyohiyo kanisa la mama mkwe wangu, hukohuko Manga, lilikuwa linafungua ukumbi mpya. Yeye ndiye kiongozi wa akina mama, na mawe ya ukumbi ule waliyabeba wenyewe kwa miaka sita. Mke wangu, Kemunto, aliniomba twende pamoja. Nikamwambia mbio haziahirishwi. Akasema, "Sawa. Nitawaambia una kazi."

Asubuhi aliniwekea uji wa wimbi na viazi vitamu mezani, lakini jirani yetu Nyakundi (ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata mvua) alikuwa amenieleza kwamba chakula ni mzigo na mbio ni za tumbo tupu, basi nikanywa chai ya rangi nusu kikombe, nikatoka. Hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika.

Kilomita kumi za kwanza nilikuwa sawa, hata nikawapita watu. Tulipoanza kupanda kilima cha Manga miguu ikakataa amri, masikio yakavuma, jasho likawa baridi, nikijaribu kuhesabu kilomita zilizobaki napata jibu tofauti kila mara, na wote niliowapita wakanipita hadi nikabaki peke yangu. Kwenye njia panda kulikuwa na mshale wa chokaa. Niliuangalia nisielewe unaelekea wapi. Upande wa kushoto nikasikia spika na makofi, nikakumbuka tuliambiwa mwisho ni uwanja wa shule wenye mahema, nikakata kushoto, na kweli nikaona mahema meupe, umati wa watu, na mbele ya mlango mmoja mkubwa, utepe mwekundu.

Nikakusanya nguvu zote zilizobaki. Watu wakanipisha (baadaye niliambiwa walidhani ninakimbizwa), nikapanda ngazi mbili, nikainua mikono, nikaukata utepe kwa kifua, kando ya askofu aliyesimama na mkasi mkononi.

Makofi yakakatika. Mzee mmoja akanishika bega.

"Nani anakufukuza?"

"Nimekuwa namba ngapi?" nikamwuliza.

Akaiangalia karatasi iliyobandikwa kifuani kwangu, akaisoma polepole. "Mia mbili na kumi na nne."

Nikaanza kulia, kwa sababu nilidhani ndiyo nafasi yangu. Nikakaa kwenye kiti cha karibu, chenye kitambaa cheupe, kumbe cha askofu. Nilipoinua macho nikamwona mama mmoja ameshika ncha ya utepe uliokatika, ananitazama. Mama mkwe.

Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mkwe hajianiki ovyo mbele ya mama mkwe wake. Kwa miaka tisa ya ndoa mama huyu alikuwa hajawahi kuniona bila koti, na leo nilikuwa mbele yake kwa kaptura ya kubana, mapaja nje. Akatazama pembeni, akafungua leso kiunoni, akampa Kemunto, naye akaja kunifunika bila kuniangalia usoni.

"Mwulize kama amekula," mama mkwe akamwambia binti yake. Nikatikisa kichwa. Nikaletewa soda na ndizi tatu, nikazila zote mbele ya waumini.

Askofu akafunga fundo kwenye utepe, akaukata upya, akasema ukumbi uliofunguliwa mara mbili hakuna wa kuufunga. Watu wakacheka, nami nikadhani yameisha. Kisha mama mkwe akapewa kipaza sauti.

"Yule mwenye leso ni mkwe wangu," akasema taratibu. "Ametoka Nyamira kwa miguu ili asikose siku hii."

Sijui kama aliamini hivyo au alikuwa ananisitiri. Mpaka leo sijathubutu kumwuliza Kemunto. Kanisa zima likasimama, likanipigia makofi marefu, na mimi nikainamisha kichwa kwa sababu yaliniuma kuliko miguu. Mbio nitaendelea kukimbia, tena nikiwa nimeshiba. Lakini mama yule akiniita, hata iwe ni kupanga viti, nitafika kabla ya wote, kwa gari, nikiwa nimevaa suruali ndefu.