Manyoya ya Kushoto

Makumbusho yote yalimwita Kibano, kwa jinsi vidole vyake vilivyoshika unyoya pasipo kuukunja. Alitengeneza sanamu za mababu wa ndege: viumbe wenye meno na mkia wa mifupa, waliovaa manyoya kwa ajili ya joto na madaha zama nyingi kabla ya kuruka. Sanamu ya kwanza aliitengeneza yeye. Sifa akazibeba shemeji yake, mume wa dada yake, akapewa cheo cha fundi mkuu kwa majaribio. Kibano aliumeza uchungu huo, haukushuka. Alitaka amwone akivuliwa cheo mbele za watu.

Sasa shemeji alitakiwa kuonyesha sanamu ya babu wa ndege aliyekwisha kuanza kuruka.

"Shemeji, nichagulie manyoya ya mabawa," alisema, miguu juu ya meza. "Wewe ndiye mwenye macho."

"Ondoa shaka, shemeji. Nitakuchagulia mpaka ushangae."

Unyoya wa kurukia una ubavu mwembamba na ubavu mpana. Ule mwembamba hutangulia kukata upepo. Ndiyo maana mafundi hutenga manyoya ya kushoto na ya kulia, kila upande na boksi lake. Kibano alijaza ya kushoto katika maboksi yote mawili, akayafunga taratibu.

Siku ya ukaguzi, mkurugenzi aliinama chini ya sanamu.

"Bawa la kulia limekwenda kinyume. Huyu akipaa, si atazunguka hapo hapo kama pangaboi?"

Watu wakacheka. Moyo wa Kibano ukampwita kwa raha.

"Si mimi!" shemeji alidakia. "Aliyebandika ni mke wangu. Nilimwonea huruma nikampa kibarua, kumbe hana akili hata ya kubandika stempu."

Raha ikamwisha Kibano. Dada yake alisimama mlangoni, gundi ingali kwenye kucha. Alimtazama mdogo wake, akaelewa kilichofanyika kwenye maboksi. Kibano alifumbua kinywa akiri, dada akamtangulia.

"Ni kweli, nilibandika mimi, yeye akikoroma. Na ile sanamu ya kwanza ni ya mdogo wangu. Mimi nilimshikia taa. Hamniamini? Mpeni mume wangu gundi alirekebishe bawa hili hapa hapa."

"Mke wangu, tutazungumza nyumbani!"

"Nyumba ipi, baba watoto?"

Mkurugenzi alimsogezea shemeji kopo la gundi. Fundi mkuu aliugeuzageuza unyoya kama ufunguo wa nyumba asiyoijua, kisha akauweka chini.

"Funguo za karakana," mkurugenzi alimwambia, akinyosha mkono azipokee.

Kibano hakutazama pembeni. Alitaka kuziona zikimtoka shemeji mkononi.